Ngano Aliyoipalilia Mama

Harufu ya wanga unaoungua chini ya pasi hunitia hasira. Wenzangu wa rika langu hukumbuka utoto wao kwa harufu ya vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza, au ya maziwa yaliyofurika jikoni yakazima moto, na husimulia huku wakitabasamu. Mimi, kitambaa cheupe kilichokazwa kwa uji wa muhogo kikianza kutoa ile harufu ya chakula kilichoshika chini, taya zangu hukaza kabla akili haijaambiwa sababu.

Ndivyo ilivyokuwa majuzi, hapa Mlandege, Iringa, zamu ya kutunza vitambaa vya altare ilipoifikia jumuiya yetu na mimi nikachukua kazi ya kupiga pasi. Mama, ambaye ninaishi naye tangu tulipomzika Baba, alikuwa ameketi kizingitini akichambua mchele. Mwenyekiti wa jumuiya alimpita kwa heshima, akavua kofia, akaingia.

"Kamwene, Mama Tumaini," alinisalimu kwa Kihehe, akiniita kwa jina la mwanangu.

"Kamwene, Mwenyekiti. Karibu kiti."

"Sikai, nimetumwa. Sikukuu ya mavuno hiyo inakuja, na Paroko anataka mtu aandike maneno ya kuwagusa waamini. Uwakili wa mali ya Mungu, moyo wa kujitolea, mambo kama hayo. Tukasema, tunaye msomi wetu, tunahangaika nini?"

"Niandike nini mimi?"

"Andika ulivyolelewa. Watu wanapenda ushuhuda."

Kutoka kizingitini Mama alicheka. "Mwache aandike, Mwenyekiti. Huyu tangu mdogo ana maneno kuliko redio."

Nilipoitazama pasi, ilikuwa imeshaacha alama ya hudhurungi kwenye pindo la kitambaa. Nilimwambia Mwenyekiti kwamba nitafikiri. Haya ndiyo niliyoyafikiri, na simwahidi kwamba atapenda kuyasoma mbele ya watu.

Nililelewa juu milimani, upande wa Mbeya, katika kijiji ambacho majira ya kipupwe ukungu hukaa mabondeni hadi saa ya uji wa watoto kupita. Kanisa la parokia lilisimama mgongoni mwa kilima, la matofali ya kuchoma, na nyuma yake ilikuwa nyumba ya masista. Masista walikuwa na mashine ya kuokea hostia, ule mkate mwembamba wa Komunyo; ilikuwa chuma kizito cha bapa mbili kilichofunguka na kufungwa kama kitabu. Unga wake haukutoka mbali. Mteremko wote chini ya kanisa ulikuwa shamba la parokia, na shamba hilo lilikuwa la ngano. Kila jumuiya ilikuwa na ngwe yake ya kulima, kupanda, kupalilia na kuvuna, bila malipo, kwa ajili ya Bwana. Ngano ikishapurwa na kupepetwa, sehemu iliuzwa kwa mahitaji ya parokia, na sehemu iliyo safi kuliko zote iliingia ghalani kwa masista, ikangojea kusagwa na kuwa hostia.

Kengele ya siku ya kujitolea ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi. Ikigongwa, wanawake walitoka na majembe na watoto mgongoni. Wanaume, kama ninavyowakumbuka, walikuwa na vikao. Mama alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika daima. Ngano haipaliliwi kama mahindi. Ikishakaribiana huwezi kuingiza jembe, unainama na kung'oa magugu kwa vidole, mstari baada ya mstari, na umande unakupanda kwenye mikono hadi kiwiko. Nilimfuata nyuma nikibeba magugu aliyoyang'oa. Aliweza kutofautisha jani la ngano changa na jani la gugu linalofanana nalo kwa kuligusa tu, huku macho yake yakiongea na jirani.

Jumamosi alasiri, akitoka shambani, alipitia kwa Sista Mkubwa kuchukua vitambaa vya altare. Sista, mama wa Kihehe mwenye mwili na sauti ya kiume, alikuwa ameshavisuuza kwa maji ya kwanza, na maji hayo akayamwaga polepole chini ya mayungiyungi. Nilimuuliza kwa nini hayamwagi mtaroni kama maji mengine.

"Humo mnaweza kuwa na chembe," alisema. "Chembe ya Bwana haiendi mtaroni."

Baada ya hapo vilikuwa vya Mama. Alivifua, akapika uji mwepesi wa muhogo, akavitia humo, akavianika, akavipiga pasi ya mkaa mpaka vikasimama vyenyewe kama karatasi. Kitambaa alichotandika padre chini ya kikombe kilikuwa na mikunjo ya Mama. Kanisa lilinuka nta na mayungiyungi, lakini mimi niliyekuwa mtoto wake nilisikia wanga.

Kisha Jumapili, wakati wa Komunyo, watu wote walipanga foleni na Mama alibaki ameketi.

Alikaa benchi la mwisho kabisa, pembeni mwa mlango, mahali waamini walipoweka mavuno waliyoyaleta kabla ya Misa: debe la mahindi, gunia la viazi, kuku aliyefungwa miguu. Niliona wote wakienda mbele na yeye hatikisiki, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja. Siku moja nilimuuliza.

"Mama, mbona wewe huendi?"

"Nalinda magunia."

"Nani atayaiba?"

"Ndiyo maana hayaibwi," alisema. "Geuka mbele, Agata."

Nikaamini. Si hivyo tu, nikajivuna. Katika akili yangu padre alikuwa na kazi yake, katekista ya kwake, na mama yangu alikuwa ameteuliwa kuwa mlinzi wa mavuno ya Mungu, kazi nzito kiasi kwamba hata chakula kikigawiwa hawezi kuiacha. Nilimwambia hivyo mtoto wa jirani aliyejigamba kwamba mama yake anaimba kwaya. "Mama yako anaimba tu," nilimwambia. "Wangu analinda." Yule mtoto alinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa.

Ukweli, ambao kijiji kizima kiliujua, ulikuwa mwepesi mno. Mama na Baba walikuwa wanaishi pamoja bila ndoa ya kanisani. Mahari ilitolewa, wazee walikula na kunywa, watoto wanne walizaliwa na kubatizwa, lakini Baba hakuwahi kusimama mbele ya altare. Kwa hiyo Mama hakomuniki. Neno lilikuwa hilo, likitamkwa kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa. Aliruhusiwa kuilima ngano, kuipalilia, kuivuna na kuibeba kichwani hadi ghalani. Aliruhusiwa kufua kitambaa kilichopokea chembe. Mikono yake iliruhusiwa. Kinywa chake hakikuruhusiwa.

Baba naye hakukomunika, lakini hakuna aliyemwona hakomuniki, kwa sababu hakuwapo. Alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Alinunua mpunga Chimala, akaukoboa hukohuko, akauuza Mbeya mjini na wakati mwingine hadi Iringa. Akija nyumbani alikuja na soda, na mikate, na vicheko. Nilimpenda sana, na ninaandika hivyo bila kuona haya, kwa kuwa hasira isiyo na upendo ndani yake ingekwisha kupoa zamani.

Mwaka nilioandaliwa kwa Komunyo ya kwanza, Paroko alitangaza kwamba siku ya sikukuu ya mavuno atatoa Komunyo hiyo kwa watoto wote wa mafundisho, na katika Misa hiyohiyo atafungisha ndoa za pamoja kwa wote wanaoishi bila sakramenti. Hakutaka gharama, hakutaka sherehe, alitaka watu tu. "Njooni na viatu vya matope," alisema, "lakini njooni wawili wawili."

Baba alikuwapo Jumapili hiyo. Jioni, mezani, Mama alimwekea chakula na hakuondoka. Alisimama.

"Umesikia, Baba Agata?"

"Nimesikia. Wanitaka nivae tai shingoni kama mbuzi wa mnadani?"

"Si lazima tai."

"Na wewe utavaa shela? Na hawa wanne watakushikia nyuma?"

Sisi watoto tulicheka, kwa sababu alivyosema alivuta kanga ya Mama kama mkia. Mama hakucheka. Alisema, polepole, kila neno likitua, "Nataka nikomunike na mtoto wangu. Basi. Sijakuomba kitu kingine tangu unitoe kwetu."

Baba aliacha kutafuna. Alimtazama, akanitazama mimi. "Haya," alisema. "Andikisha. Siku hiyo nipo."

Ndoa yao ikatangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, kama taratibu zinavyotaka, jina la Baba na jina la Mama yakisomwa pamoja na katekista akiuliza kama kuna mwenye pingamizi. Kila yaliposomwa, wanawake wa jumuiya walimgeukia Mama kule nyuma na kumkonyeza. Shambani ilikuwa ni kicheko kitupu.

"Bibi harusi anang'oa magugu!"

"Mwacheni, anajitafutia maharusi wengine humu."

"Mama Agata, ukishafunga ndoa utatusalimia kweli?"

"Nitawasalimia kwa kidole kimoja," alijibu Mama, na sijawahi kumsikia akicheka vile tena.

Alikwenda Mbeya mjini kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa karibu na soko, akanunua kitambaa cha rangi ya maziwa. Kwangu alinunua cheupe. Fundi wetu, mzee wa Kiislamu ambaye familia yake ilitoka pwani, alikataa kwanza kumpima, akamwambia ageuke mara nyingine tena. "Nguo ya ndoa sipimi harakaharaka, Mama. Nguo hii haishonwi mara mbili." Akatengeneza mikono mirefu yenye vifungo vidogo vilivyofunikwa kwa kitambaa kilekile. Mama aliviwekea vidole kila alipopita karibu na msumari uliotundikiwa gauni hilo. Na katika wiki hizo alinifundisha jinsi ya kupokea: ulimi mbele kidogo, usitafune, sema Amina kwa sauti ya kusikika. Tulifanya mazoezi jikoni kwa vipande vya viazi. Mara nilikuwa padre mimi, mara padre alikuwa yeye. Alipopokea alifumba macho. Nilidhani anacheza vizuri.

Siku tatu kabla ya sikukuu Baba alishuka Chimala kufuata mzigo. Angerudi Jumamosi.

Jumamosi Mama alipiga pasi vitambaa vyote vya altare vya sikukuu, na baada yake gauni lake, na baada yake shati la Baba. Nyumba nzima ilinuka wanga. Shati lililala juu ya kitanda, mikono imenyooshwa, kola ngumu, likingoja mtu.

Jumapili asubuhi, tukiwa tumeshavaa, lori lilisikika likipanda kilima. Ndugu zangu walikimbia njiani. Lilikuwa Fuso la Baba kweli, limejaa magunia hadi juu. Akashuka utingo, kijana mwembamba mwenye kofia ya sweta.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwenyewe yuko wapi?"

Utingo alitazama gurudumu. "Bosi amesema bei imepanda ghafla, Mama, hawezi kuacha mzigo wa watu. Amesema mchele huu wa nyuma ni wa kanisa, kwa sikukuu. Na amesema... amesema ndoa haikimbii. Mwakani, baada ya mavuno."

Mama alisimama kwenye ukungu na gauni lake la rangi ya maziwa. Aliuliza jambo moja tu. "Amekula?"

"Nani?"

"Baba Agata. Amekula kabla hujaondoka?"

"Amekula, Mama."

"Haya. Wapelekee mchele wao."

Nilifikiri angevua gauni. Hakuvua. Alinishika mkono tukapanda kilimani. Mimi bado sikuwa nimeelewa. Niliona magunia mengi namna ile, nikadhani Baba anafuata nyuma yake, kama kwenye maandamano ambako zawadi hutangulia na mwenye zawadi huja mwisho. Na nadhani Mama naye, kwa namna ya watu wazima, alikuwa na tumaini kama hilo, kwa sababu aliketi mbele, kwenye mabenchi ya maharusi, na akaacha nafasi ya mtu upande wake wa kulia.

Sisi watoto wa Komunyo tulikaa upande wa pili, hivyo niliona kila kitu. Mahubiri yalikwisha. Paroko akawaita wanandoa wasimame. Wakasimama wawili wawili, wazee wenye mvi na vijana wenye watoto mgongoni, na katikati yao Mama peke yake. Katekista alimwinamia akamnong'oneza. Mama akatikisa kichwa kukubali. Kisha akatoka kwenye benchi na kutembea.

Angeweza kupita pembeni, kwenye kijia cha ukutani. Hakupita pembeni. Alipita njia ya katikati, ileile ambayo maharusi hutokea, lakini yeye aliipita akielekea nyuma, viatu vyeupe vikilia juu ya sakafu, vifungo vimefungwa vyote. Nilisikia kuku wa matoleo akijipapatua. Mahali fulani upande wa wanawake mtu alicheka kwa pua. Mama alifika benchi lake la mwisho, akaketi, akaweka mikono juu ya mapaja.

Ndoa zikafungwa. Vigelegele vikapigwa. Ulipofika wakati wa matoleo, milango ikafunguliwa na wanaume wakaanza kuingiza mchele wa Baba, gunia baada ya gunia begani. Ya kwanza yalifika mbele ya altare, lakini nafasi ikaisha, na yaliyobaki yakapangwa palepale mlangoni, kulia kwa Mama, kushoto kwake, nyuma yake, hadi nikawa naona kichwa chake tu.

Katekista akasoma jina la Baba kwa sauti ya juu, jina lilelile alilolisoma Jumapili tatu za tangazo. Paroko akasema, "Mwenzetu huyu hakuweza kufika, lakini tazameni, moyo wake umefika. Huu ndio uwakili. Tumpigie makofi."

Wakapiga makofi. Kanisa zima, pamoja na waliokuwa wamemkonyeza Mama shambani. Nami nilipiga, nikigeukageuka kutazama mlangoni, nikingoja aingie. Sijilaumu kwa hilo. Nilikuwa mtoto nikimngoja baba yangu. Lakini kulikuwa na watu wazima mle ndani, mamia yao, waliojua kusoma kilichotokea, na hakuna hata mmoja aliyeviacha viganja vyake mapajani. Kila ninapoombwa leo kusifu ukarimu wa wafadhili, nasikia makofi yale yakigonga paa la mabati.

Nilipokea Komunyo yangu ya kwanza. Nilisema Amina kwa sauti ya kusikika. Niliporudi nilimtafuta Mama kwa macho, na juu ya magunia niliona ananitazama, amefumba midomo, na shingo yake imepanda na kushuka, kama vile yeye ndiye aliyemeza.

Baada ya Misa masista waliwaita watoto wa Komunyo kwenye baraza lao. Hostia zikishakatwa mviringo, hubaki kingo na pembe za ule mkate mwembamba, ambazo hazijapelekwa altareni wala kubarikiwa, na masista waliwapa watoto kama peremende. Sista Mkubwa alinijazia viganja viwili. Wenzangu walitafuna wakikimbizana. Mimi nilikimbia kumtafuta Mama, kwa kuwa nilikuwa nimepata jibu la tatizo lote: alikosa kwa sababu alikuwa kazini, sasa kazi imekwisha, na chakula kimebaki.

Nilimkuta nyuma ya sakristia, chumba anamovalia padre. Alikuwa amevua viatu vyeupe na kukunja mikono ya gauni, vifungo vyake vimefunguliwa, akifua vitambaa vya altare vya sikukuu, asubuhi ileile, kana kwamba Bwana angevihitaji kabla ya jioni. Nilisimama mbele yake. Nikachagua kipande kikubwa kuliko vyote, nikakiinua kama alivyonifundisha.

"Mwili wa Kristo," nilisema.

Mama aliacha kufua. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiwa na uso ule, na nilirudi hatua nyuma. Nilidhani atanipiga.

"Hayo ni mabaki tu, Agata," alisema.

"Sista amesema ni mkate uleule."

Akafuta mkono kwenye gauni, gauni ambalo halikushonwa mara mbili, akakichukua kile kipande kwa vidole vyake mwenyewe. Alikigeuza kwenye mwanga. Akakivunja, akaweka mdomoni, na akatafuna, kwa sauti, kama mtu anayekula bisi.

"Ngano hii naijua," alisema. "Ya mwaka jana, ngwe yetu ya chini. Nimeipalilia."

"Mama, sema Amina."

"Shika upande huo tukamue kitambaa."

Tukakamua. Hakulia. Ningependa kuandika kwamba alilia, ingekuwa rahisi kwetu sote. Jumamosi iliyofuata alikwenda shambani kama kawaida, na hakuna mwanamke aliyemtania tena, na ukimya wao ulikuwa mbaya kuliko matani.

Mwakani haikufika. Kila mavuno yalifuatwa na mavuno mengine. Baadaye tulijua kwamba Chimala hapakuwa na mpunga tu. Paroko mmoja aliyekuja nyuma alimshauri Mama amwache Baba ili akomunike, na Mama akamuuliza nani atalipa ada za watoto. Padre akasema tuombe. Mama alibaki. Alifua. Alipalilia hadi mgongo ukakataa kunyooka. Baba alitoa mchele kila mwaka, na kila mwaka jina lake lilisomwa.

Baba alipougua ugonjwa wake wa mwisho, tulimlaza hospitali Mbeya. Mchana mmoja padre alifika wodini na kikebe kidogo cha dhahabu. Tulitoka nje Baba aungame, tukaitwa tena. Kabla wagonjwa hawajaletewa chai ya jioni, mtu aliyeikwepa altare maisha yake yote alikuwa amesamehewa, amepakwa mafuta matakatifu, na amekomunika. Mama ndiye aliyemwinua kichwa ili ameze. Mama ndiye aliyeshika kikombe cha maji. Padre alifunika kikebe chake, akampa mkono wa pole, akaondoka.

Nilimfuata kwenye korido. "Padre, na mama yangu?"

"Mama yako anaumwa?"

"Haumwi. Yumo humo ndani. Ni yule aliyeshika kikombe."

Alinielewa, nakiri hilo, kwa kuwa aliinamisha macho. "Tutaangalia utaratibu, binti yangu," alisema.

Utaratibu uliangaliwa na kifo. Siku chache baada ya mazishi, Paroko wa kijijini, kijana mwenye huruma ya kweli, alimwambia Mama kwamba sasa hakuna kizuizi. Aungame, akomunike. Mama alimshukuru kwa magoti. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la kunawia wageni, na nilitaka kulirusha. Ngano ngapi, kwaresima ngapi, vitambaa vingapi, na kumbe vyote havikuhesabiwa. Kilichohitajika ni yule mwanamume afe. Akaenda kuungama. Mpaka leo ningetoa chochote nijue mama yangu aliungama nini.

Sikukuu ya mavuno imepita sasa, hapa kwetu Mlandege. Sikumpa Mwenyekiti makala yake, na alisoma kitu alichokiandika mwenyewe, na majina ya wafadhili yakasomwa, na watu wakapiga makofi. Mlangoni, kama kule juu, magunia ya mahindi na viazi yaliyokosa nafasi mbele yalipangwa kando ya benchi la mwisho. Wakati wa Komunyo Mama alisimama kwa fimbo yake akaenda. Nilimwangalia anavyosogea katika foleni, mgongo umepinda kama anavyopinda mtu aliye katikati ya mistari ya ngano. Sikumfuata. Nilitoka kwenye benchi letu nikaenda kuketi nyuma, peke yangu, kati ya magunia.

Alirudi, akakuta nafasi yangu tupu, akanitafuta kwa macho hadi akaniona. Alikuja polepole hadi nilipo.

"Mbona huendi?"

"Nalinda magunia."

Nilitegemea acheke. Alinitazama, na katika uso ule wa kizee nikaona uso mwingine, wa nyuma ya sakristia, ambao nilidhani nimeuota.

"Mimi sikulinda magunia," alisema. "Hakuna aliyewahi kuyalinda. Nilikatazwa."

Hakushusha sauti. Akina mama wa benchi la mbele yetu waligeuka.

"Nilikatazwa, Agata. Nikimlimia Bwana, nikimfulia, nikakatazwa kula. Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa mdogo. Wewe hujakatazwa na mtu. Inuka, usinichezee."

Katika miaka yote sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nilikuwa nimelibeba mimi kwa niaba yake, kama nilivyobeba magugu yake, nikidhani yeye ameshalitupa. Akagonga fimbo sakafuni. Nikainuka.

Foleni ilikuwa imebakiza watu wachache. Padre aliinua hostia, akasema maneno yake, nami nikajibu Amina kama mtu anayemjibu aliyemtukana. Ilikuwa nyembamba, kavu, isiyo na ladha. Niliishikilia juu ya ulimi hadi nikarudi alipo Mama, na njia nzima nilijiuliza ni nani aliyeipalilia.